Fundi Alikagua Nyumba Yangu kwa Dakika 25

UMEME WA NYUMBANI: MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Shikamoo mama fundi. Mwezi uliopita tumenunua nyumba Kimara: vyumba vitatu, sebule, jiko, bafu mbili. Aliyetuuzia anasema aliijenga 2009, halafu baadaye akaongeza chumba kimoja uani. Kabla hatujahamia nikamwita fundi akague umeme. Alifika saa nne asubuhi, akaangalia meni swichi, akachomeka testa kwenye soketi kama tano, akawasha taa zote akazima, akasema "iko safi, bosi." Saa nne na dakika 25 alikuwa tayari juu ya bodaboda. Karatasi aliyoniachia ina mstari mmoja: "Wayaringi ipo vizuri." Mke wangu hajaridhika. Shemeji yangu anasema fundi mzoefu hahitaji muda mrefu, anaangalia tu anajua. Ukaguzi wa kweli wa nyumba kama hii unachukua saa ngapi? (Baba wa watoto wawili, Kimara, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, baba. Mke wako ameona sawasawa. Nyumba kama yenu, nikiwa peke yangu, naanza saa mbili asubuhi na natoka kama saa nane mchana. Nikiwa na msaidizi anayejua kazi, saa sita au sita na nusu tumeshafunga mikoba. Kwa hiyo weka muda wa saa nne mpaka sita. Fundi akimaliza nyumba ya ukubwa huo chini ya saa tatu, kuna kitu amekiruka, na ningependa anitajie ni kipi.

Nikupigie hesabu, maana watu wengi hudhani muda huo ni wa kunywa chai. Nyumba ya vyumba vitatu huwa na soketi ishirini hivi, ukihesabu za jikoni na za uani. Kufungua soketi moja, kuivuta nje, kuangalia kama skrubu zimekaza, kama waya umebabuka, kama laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) hazijabadilishana, kuipima, kuirudisha, kuifunga: dakika tano. Tano mara ishirini ni dakika mia. Hiyo ni saa moja na dakika 40, na bado sijapanda darini, sijagusa boksi la breka, sijatoka nje kwenye ethi, yaani waya na rodi vinavyoshusha ardhini umeme unaovuja. Ziko taratibu zinazoruhusu kufungua baadhi tu ya soketi, na nyumba ambayo nimeshaikagua zamani nafanya hivyo. Nyumba ninayoingia mara ya kwanza nafungua zote.

Kabla ya yote nakaa kitako. Mwalimu wangu wa kwanza, mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga, aliyenifundisha kazi nikiwa binti wa miaka 19, alikuwa haanzi na bisibisi, anaomba kiti. Anamwita mama mwenye nyumba na msichana anayesaidia kazi, anawauliza. Breka gani huanguka? Inaanguka mkiwasha nini? Kuna bomba, friji au jiko linalowauma kidogo mkiligusa mkiwa miguu mitupu? Mvua ikinyesha taa hucheza? Darini mnasikia panya? Baba wa nyumba mara nyingi hayajui haya, hashindi nyumbani. Robo saa ya mazungumzo hayo imeniokolea siku nzima mara nyingi, na nimeishika mpaka leo, mwaka wa 26 sasa katika kazi hii. Fundi wako alimuuliza mke wako chochote?

Sasa nikusimulie nyumba moja ya Tabata, kwa sababu inajibu swali la shemeji yako kuliko maelezo yoyote ya kwangu.

Mama mwenye nyumba aliniambia kwamba akipiga deki jikoni bila viatu, mlango wa friji unamsisimua vidole. Alikuwa ameshamwita fundi mwingine, naye alikaa dakika 20. Aliangalia ethi rodi nje: ipo, imefungwa klampu nzuri ya shaba, waya wa kijani na njano umetoka pale unaingia ukutani. Akafungua boksi la breka: waya uleule wa kijani na njano umefika, umekazwa kwenye sehemu yake. Akasema ethi ipo, tatizo ni friji, nunueni nyingine. Na kwa macho ni kweli, hata mimi niliona hivyohivyo, huku na huku safi kabisa.

Kwenye saa ya tatu nikazima meni, nikauchomoa ule waya pande zote mbili, nikachukua waya wangu mrefu na mita, nikapima kutoka rodi mpaka boksi. Mita haikuonyesha njia yoyote. Nikarudia, nikidhani klipu yangu haijashika. Vilevile. Tukaanza kuulizana nini kimefanyika nje ya ukuta ule, ndipo kijana wa nyumbani akakumbuka kwamba mwaka uliopita waliweka pevingi. Tukafukua tofali nne. Chini yake waya ulikuwa umekatwa na sururu, ncha mbili zimelala zinatazamana, kati yake upana wa kiganja. Nyumba nzima, yenye watoto watatu na friji na pasi na shawa ya moto, ilikuwa haina ethi kwa mwaka mzima. Friji ilikuwa nzima. Hicho kisisimko kidogo cha vyombo vya umeme, ambacho kwa kawaida hushuka ardhini kimyakimya, kilikuwa hakina pa kwenda isipokuwa kwenye vidole vya yule mama. Na siku hita ya shawa ingepasuka, kingekuwa kingine kabisa.

Macho yasingekigundua kile, wala miaka 26. Uzoefu unanisaidia kujua pa kutilia shaka, lakini kupima ni kupima, na kunataka muda wake uleule kwa mwanafunzi na kwa mzee.

Na testa ile ya bisibisi yenye kitaa, aliyotumia fundi wako, inafanya kazi moja: inawaka ikigusa laivu. Kwenye tundu la nyutro haiwaki. Kwenye tundu la ethi haiwaki. Kwenye tundu la ethi ambalo nyuma yake hakuna waya kabisa, nayo haiwaki. Hebu fikiria, soketi yenye ethi na soketi isiyo na ethi zinampa jibu moja. Kwa hiyo soketi tano alizogusa zilimwambia kwamba TANESCO wanaleta umeme, jambo ambalo taa zenu zilikuwa zimeshamwambia.

Kazi inayokula muda zaidi ni kupima ganda la waya, yaani ile plastiki inayouvika waya. Tunatumia mita tunayoiita mega. Unazima meni, halafu mega inasukuma volti 500 kati ya laivu na nyutro, kati ya laivu na ethi, kati ya nyutro na ethi, inasoma ni kiasi gani kinavuja. Namba kubwa ndiyo nzuri, maana yake kinachovuja ni kidogo: waya mzima husoma mamia ya megaohmu. Ukishuka chini ya 1 mimi siachi, natafuta mpaka nijue ni waya gani. Panya aliyetafuna darini, msumari wa picha uliopita ndani ya paipu, swichi ya bafuni iliyoingia maji, vyote vinaonekana hapa kabla havijaleta moto. Ila kabla ya kupima lazima kila plagi ndani ya nyumba ichomolewe, taa zenye elektroniki zitolewe, pangaboi na mashine zote zitengwe, la sivyo volti zile zinaunguza kitu au mita inasoma uongo. Kuzunguka nyumba nzima kuchomoa na kurudisha ni zaidi ya nusu saa peke yake. Ndiyo maana nasema: kama fundi amekagua nyumba yako na friji haikuzimika hata dakika moja, hakupima. (Kuhusu friji usihofu. Funga mlango, mwambie kila mtu asiufungue, saa nne zinapita bila nyama kuharibika.)

Boksi la breka nalipa dakika 40. Nafungua mfuniko, nanusa kwanza. Halafu nalinganisha ukubwa wa breka na unene wa waya unaotoka pale, maana hapo ndipo nyumba nyingi za Dar zina ugonjwa. Waya wa taa wa milimita 1.5 unataka breka ya ampia 6 au 10. Breka hiyo ikawa inaanguka, jirani akashauri iwekwe kubwa, ikawekwa ya 32. Kero imeisha, lakini sasa waya utaungua kabla breka haijashtuka. Nyumba yenu ina chumba kilichoongezwa, na hicho ningekianza mapema: kinapata umeme wapi? Kama kilivutiwa kutoka soketi ya jikoni, jiko na chumba vyote viko kwenye waya mmoja usiokusudiwa kubeba vyote viwili.

Humohumo natafuta RCD, ile swichi yenye kitufe kidogo cha kujaribia, inayokata umeme ukianza kuvuja. Wengi huniuliza kwa nini naisumbukia wakati breka zipo. Sikiliza hesabu hii. Tuseme ethi yenu ina ukinzani wa ohmu 100, na waya wa laivu umegusa bati la pampu ya maji. Volti 230 gawanya kwa 100 ni ampia 2.3. Breka ya 20 hata haijui kama kuna jambo. Umeme utamwagika ardhini usiku na mchana, zaidi ya uniti 12 za LUKU kwa siku, na bati la pampu litabaki na umeme likimsubiri mtu. RCD ya miliampia 30 inakata hapohapo. Naijaribu kwa mashine, siridhiki na kitufe peke yake: kwenye miliampia 30 lazima ikate ndani ya milisekunde 300, na ukiipa mara tano, yaani 150, ndani ya milisekunde 40. Nimekutana na RCD nzuri za kupendeza ambazo hazikukata kabisa. Kupima kwenyewe ni dakika chache, lakini mpaka mashine iwepo. Ukiona fundi amekuja na testa na plaizi tu, mfuko mzima, hukuhitaji hata kuangalia saa.

Ethi nayo ina msimu wake, na kwake ohmu chache ndizo nzuri. Rodi inayosoma vizuri mwezi wa Mei, udongo ukiwa umelowa masika, inaweza kusoma mara kadhaa zaidi mwishoni mwa kaskazi, Februari, ardhi ikiwa imekauka mpaka inapasuka. Mimi napenda kupima kwenye ukame. Kama nikipima kwenye mvua nikapata namba ya kubahatisha, naandika hivyo, na narudi.

Mwisho wa yote nakaa tena kwenye kiti kileile, naandika. Nusu saa au zaidi. Karatasi yangu ina kila breka, inahudumia wapi, waya wake unene gani, namba ya mega, namba ya ethi, muda wa RCD, na sehemu ambazo sikuzifikia na kwa nini. Halafu mambo ya kufanya, nimeyapanga matatu: la leo kabla sijaondoka, la mwezi huu, la ukipata nafasi. Karatasi ya "wayaringi ipo vizuri" haina namba hata moja. Ukimuuliza ethi ilisoma ohmu ngapi, atakujibu nini?

Mita ya LUKU na waya unaotoka kwenye nguzo ni mali ya TANESCO, na sili yake haiguswi. Fundi akiona kasoro pale anakuandikia, wewe unawaita wenyewe. Anayekuambia "naifungua kidogo tu" ni kishoka, mtoe.

Mwombe fundi leseni yake ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, umwangalie nayo usoni. Mnakubaliana bei ya ukaguzi kabla hajagusa kitu, na bei ya matengenezo mnaizungumza baadaye, ikiwezekana siku nyingine. Fundi anayekagua bure ili alipwe kwa kutengeneza ana kila sababu ya kukuta ubovu, na anayelipwa kidogo mno kwa ukaguzi ana kila sababu ya kupanda bodaboda. Mimi nalipwa kwa kazi, silipwi kwa saa, kwa hiyo saa sita zangu hazinitajirishi. Rudieni ukaguzi, baba, kabla ya masika, na ukipata ile namba ya ethi niandikie.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mtu mzima, nakaa nyumba ya urithi Mji Mkongwe, Unguja, ghorofa mbili na chini tumepangisha duka. Fyuzi zetu ni zile za zamani za kauri za kufunga waya. Mjukuu wangu kaleta fundi, fundi kasema anataka siku mbili. Naona kama anataka kutula pesa. Hiyo ni haki? (Bibi wa Mji Mkongwe)

JIBU: Waalaykumu ssalaam, shikamoo bibi. Mpe siku mbili, na mpikie. Fundi aliyeingia nyumba ya mawe ya zamani akakwambia siku mbili ameitazama vizuri.

Nyumba zenu zina mambo matatu yanayochelewesha. Kwanza, umri wa waya. Yako majengo ambayo bado yana waya wa ganda la mpira, wa kabla plastiki haijaenea. Mpira ule ukiachwa ulivyo unakaa, ukiukunja tu unamomonyoka kama chapati ya juzi. Fundi hawezi kuvuta soketi kwa pupa. Hata mega anaianza kwa volti 250, akiona inavumilia ndipo anapanda. Pili, rangi zinadanganya. Zamani laivu ilikuwa nyekundu na nyutro nyeusi, sasa laivu ni kahawia na nyutro ni bluu. Lakini kwenye umeme wa fezi tatu wa zamani, fezi zilikuwa nyekundu, njano na bluu. Nyumba iliyofanyiwa kazi na mafundi wa vizazi vitatu inaweza kuwa na bluu mbili kwenye boksi moja, moja nyutro, moja laivu ya kuua. Kila waya unapimwa, hakuna kuamini rangi. Tatu, bahari. Chumvi ya hewani inaingia kwenye kila skrubu, na chokaa ya ukutani inashika unyevu. Nimekulia Tanga, naijua kutu hiyo: unagusa skrubu kwa bisibisi, kichwa kinabaki mkononi.

Nina ombi moja, bibi. Dari zenu ni boriti, na waya mara nyingi umepigiliwa juu ya boriti zenyewe. Mwambie fundi apite na ngazi kila chumba na tochi, aangalie pale waya unapogusa mti kama pameiva rangi au pana jointi ya kusokotwa iliyofungwa tepu tu. Hapo ndipo ningempa muda wote anaoutaka. Na mwenye duka chini aambiwe mapema azime mafriji yake ya soda kwa siku hiyo, ndio wanaolalamika zaidi.

SWALI: Fundi, mimi niko Leicester, Uingereza, nimepanga fleti ya vyumba viwili. Mwenye nyumba alileta fundi wa ukaguzi wa lazima, akakaa saa moja na kuondoka. Huku kila kitu kina sheria. Je, kuna sheria ya muda? (Msomaji, Leicester)

JIBU: Ya saa hakuna. Sheria ya England ya 2020 inamtaka mwenye nyumba wa kupangisha akaguliwe umeme wake angalau kila miaka mitano, na wewe mpangaji upewe nakala ya ripoti ndani ya siku 28. Idai hiyo nakala, usiishie kuhesabu dakika. Fleti ndogo yenye breka chache, saa mbili mpaka tatu ndiyo ningetegemea, na saa moja inanipa wasiwasi.

Ripoti ikifika fungua sehemu mbili. Kuna mahali fundi anaandika vitu ambavyo hakuvikagua. Kama pamejaa, ndipo saa zako zilipokwenda. Halafu kurasa za mwisho kuna jedwali la vipimo. Namba za mega na za RCD ziwe zinatofautiana kidogo kutoka mstari hadi mstari. Mistari yote ikiwa na namba ileile moja, mtu ameijaza akiwa ndani ya gari. Alama C1 maana yake hatari ipo sasa hivi, C2 inaweza kuwa hatari, na zote mbili zinamlazimu mwenye nyumba arekebishe ndani ya siku 28, au mapema zaidi ikiwa ripoti imesema hivyo. C3 ni ushauri. FI ni kwamba uchunguzi zaidi unahitajika, na usikubali iachwe hivyo.

SWALI: Habari fundi. Nimepanga chumba kimoja Ongata Rongai, Kenya, choo na bafu ndani. Landilodi hataki kusikia habari ya kuleta fundi. Je, naweza kukagua mwenyewe, na itanichukua muda gani? Pia shawa yangu ya papo hapo inanidunga kidogo nikifungua maji, lakini nimezoea. (Kijana wa Rongai)

JIBU: Kijana wangu, swali lako la pili ndilo nalijibu kwanza. Hiyo shawa usiwashe tena. Leo hii, zima swichi yake, chemsha maji kwa sufuria.

Nyingi ya shawa hizo zina koili iliyo wazi ndani ya maji yenyewe. Umeme kidogo unapita kwenye maji, na waya wa ethi ulio ndani ya shawa ndio unaoupokea kabla haujakufikia. Ukisikia kudungwa, mara nyingi ethi hiyo haijafungwa, au imefungwa kwenye waya usiofika popote kama ule wa Tabata niliousimulia hapo juu. Maana yake wewe, ukiwa umelowa, umesimama kwenye sakafu ya maji, ndiye ethi. Siku koili ikikatika haitakuwa kudunga. Umezoea kitu ambacho kimeshawaua watu bafuni.

Vilevile shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 24. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, wa milimita 4 angalau, mimi huweka 6, na breka yake na RCD. Kama imeunganishwa kutoka soketi, utaona plastiki ya swichi yake imegeuka kahawia au inanuka ukioga.

Ukaguzi wa mwenyewe kwa chumba kimoja ni dakika 20, na ni wa kuangalia, kugusa plastiki kwa nje na kunusa. Usifungue kitu. Baada ya kupika kwa koili ya umeme au kupiga pasi, weka mkono kwenye plagi: ikiwa moto kuliko vuguvugu, iache. Angalia kila soketi kama ina alama nyeusi. Fuata ekstensheni yako mpaka mwisho, kama imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, itenganishe. Kama kuna RCD, bonyeza kitufe chake. Lazima ianguke papo hapo. Hayo hayachukui nafasi ya fundi, ambaye kwa chumba chako angehitaji kama saa moja na nusu, mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya huko Kenya.

Kuhusu landilodi, usimpigie, mwandikie. Ujumbe mfupi wenye tarehe, kwamba shawa ya nyumba namba fulani inapiga watu umeme na umeizima, unaomba fundi mwenye leseni. Piga picha ya ule ujumbe. Halafu gonga milango ya majirani, waulize kama za kwao zinadunga. Nyumba za ploti hujengwa na fundi mmoja kwa mara moja, na ethi ya chumba chako huenda ndiyo ya vyumba vyote. Waambie wazime nao, usiku huu kabla hawajaoga.